Damu Ikipungua, Kipimo cha Sukari Huweza Kupotosha

Wengi wetu tukishapewa jibu la maabara hulichukua kuwa ni hukumu isiyokatiwa rufaa. Wiki hii tunapenda kueleza kuwa lipo jibu moja la kipimo cha kisukari ambalo laweza kupotoshwa na upungufu wa damu utokanao na ukosefu wa madini ya chuma.

Kipimo chenyewe hujulikana kama sukari ya miezi mitatu, na katika cheti cha majibu huandikwa HbA1c. Hakipimi sukari ya saa ile ile, bali ile iliyonasa kwenye himoglobini, yaani kitu kinachozipa chembe za damu rangi nyekundu. Chembe hizo huishi siku 120 hivi, na kadiri zinavyoishi ndivyo sukari inavyozidi kunasa. Jibu la asilimia 6.5 au zaidi huhesabiwa kuwa dalili ya kisukari.

Chuma kinapopungua mwilini, chembe mpya hutengenezwa chache, na zile kuukuu huwa nyingi zaidi katika damu. Shati lililovaliwa siku tano huwa na vumbi jingi kuliko lililovaliwa siku moja, ijapokuwa vumbi la barabarani ni lile lile. Ndivyo jibu linavyoweza kupanda kidogo, ilhali sukari yenyewe haikupanda.

Tuchukue mfano wa mama mwenye hedhi nzito, au mwenye minyoo ya safura, aliyepata jibu la asilimia 6.6. Akianzishiwa dawa za kisukari kwa jibu hilo peke yake, huenda akabeba mzigo wa ugonjwa asio nao, huku ule alio nao ukiendelea kumdhoofisha. Kumbe akitumia vidonge vya chuma, jibu hilo laweza kushuka baada ya miezi michache.

Yapo pia ya kinyume. Mgonjwa wa selimundu, ambaye chembe zake hufa mapema, aweza kupata jibu dogo kuliko ukweli, na kisukari kikajificha. Aliyeongezewa damu karibuni naye asikitegemee kipimo hiki.

Basi, kabla ya kupimwa, mweleze daktari habari za hedhi, ujauzito, kuvuja damu au kuongezewa damu. Omba upimwe na wingi wa damu: himoglobini iliyo chini ya gramu 12 kwa desilita kwa mwanamke asiye mjamzito, au 13 kwa mwanamume, ni upungufu. Panapo shaka, kipo kipimo cha sukari ya asubuhi, baada ya kukaa saa 8 au zaidi bila kula. Hicho hakitegemei umri wa chembe, kikifika 7.0 kwa kipimo cha milimoli kwa lita, ni dalili ya kisukari, na aghalabu hurudiwa ili kuthibitisha.

Lakini haya yasimfanye mtu aliyekwisha kuthibitishwa kuwa na kisukari aache dawa zake. Wala mwenye kiu isiyokatika na kukojoa mara kwa mara asijifariji kwamba ni damu tu imepungua. Aende hospitali, aulize, na apimwe yote mawili, damu na sukari, ili atibiwe ugonjwa alio nao.