Sala ya Amani Haifumbi Macho

Katika sharika zetu hakuna Jumapili inayopita bila sala ya amani. Tunaziombea nchi zenye vita, tunaitikia kwa pamoja, kisha tunaendelea na matangazo. Sala hiyo ni njema, tena ni wajibu wetu. Lakini hapa mjini, kuanzia Posta hadi Kariakoo, kuna mazoea yanayokua miongoni mwa waumini, nayo lazima yakemewe: kuviombea vita ambavyo mtu hataki kabisa kuvijua. Anaambiwa Goma imetekwa, anajibu kwamba habari hizo zinamharibia siku. Anaambiwa Sudan inaungua tangu Aprili 2023, anasema tumwachie Mungu. Akisikia kwamba mwandishi wa habari ameuawa huko vitani, hukumu yake ni neno moja tu: alijitakia.

Sisi tunasema hapana. Tuanze na ardhi tunayoikanyaga. Jina Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Wapagazi wa Kiafrika walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi, njaa na uchovu. Pale makutano ya Samora na Maktaba, Sanamu ya Askari iliyowekwa mwaka 1927 inawataja kwa jumla, na maandishi yake yanaahidi kwamba watoto watalikumbuka jina la baba aliyekufa vitani. Majina yenyewe hayapo. Ni wachache mno waliotembea nao wakaandika nani ameanguka wapi, na kwa sababu gani. Vita vikikosa shahidi, kinachobaki ni jina la soko.

Sasa tumtazame mtu aliyelelewa na mji huu huu. Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943, Mwislamu mwenye asili ya Punjab. Alihamia Dar es Salaam akiwa mtoto, kwa kuwa baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli. Hapa alijifunza kupiga picha, na hapa, mwaka 1963, alianzisha kampuni yake ya Camerapix. Mwaka uliofuata alikuwa Zanzibar akipiga picha za mapinduzi. Mwaka 1966 kazi hiyo ilimtia gerezani huko huko Zanzibar kwa karibu mwezi mmoja, na baadaye makao yake yakawa Nairobi.

Oktoba 1984 alifika Korem, kaskazini mwa Ethiopia, pamoja na Michael Buerk wa BBC, akapiga picha za maelfu ya watu wanaokufa kwa njaa. Zilionyeshwa tarehe 23 Oktoba, zikaenea dunia nzima, na watu wa mataifa mengi wakatoa fedha na chakula. Septemba ya mwaka huo huo, serikali ya Mengistu ilikuwa imesherehekea miaka 10 ya mapinduzi kwa gwaride na shangwe mjini Addis Ababa. Watu walikuwa wakifa, na wenye mamlaka walitaka wafe kimya. Kamera ya mtu mmoja iliuvunja ukimya ule.

Juni 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa. Fundi wake wa sauti, Mkenya John Mathai, alifariki, na Amin akapoteza mkono wa kushoto. Alirudi kazini akiwa na mkono wa bandia. Tarehe 23 Novemba 1996 alikuwa akirejea Nairobi, ndege ya Shirika la Ndege la Ethiopia ikatekwa, ikaishiwa mafuta na kuanguka baharini karibu na Ngazija. Walikufa watu 125, naye akiwamo, akiwa na umri wa miaka 53. Baadhi ya walionusurika walisimulia kwamba alisimama akabishana na watekaji.

Je, huyu alijitakia? Neno hilo tukilipokea, tulitumie pia kwa daktari anayeingia wodi ya kipindupindu na kwa mtume Paulo aliyekwenda Yerusalemu huku akijua minyororo inamngoja. Tulitumie kwa Hos Maina na Anthony Macharia, Wakenya waliouawa Mogadishu tarehe 12 Julai 1993 pamoja na wenzao Dan Eldon na Hansi Krauss. Walikwenda kuonyesha nyumba iliyoshambuliwa na helikopta za majeshi ya kigeni na watu waliofia humo. Umati wenye hasira ukawaua wao. Aliyekwenda kuwasemea wengine hakutafuta kifo. Alitafuta ukweli, na kifo kilikuwa njiani.

Wapo wanaosema kwamba watu hawa hufanya biashara ya maiti, maana wanalipwa. Hata mhudumu wa madhabahu hula kutokana na madhabahu, wala hatusemi kwamba anaiuza Injili. Wengine watauliza, Mwislamu anahusikaje na kitabu chetu cha imani? Wasome Luka 10. Mwenye sheria alimuuliza Bwana wetu habari za jirani, naye akamwekea mbele mtu wa taifa lililodharauliwa, kwa sababu ndiye aliyesogea karibu. Kuhani na Mlawi nao walimwona majeruhi, wakapita upande wa pili. Inaelekea walikuwa na sala zao pia.

Lakini kosa kubwa kuliko hayo ni kusema kwamba vita na njaa yake ni mapenzi ya Mungu. Wengi walioziona picha za Korem walidhani ni ukame tu, jambo la mbinguni. Ukame ulikuwapo. Ila ilikuwapo pia vita kati ya serikali na waasi wa kaskazini, na chakula kilifanywa silaha. Anayemtwika Mungu kazi ya majenerali anamshuhudia Mungu uongo. Amri ya nane haiishii kwenye kufunga mdomo usidanganye. Luther katika Katekisimo Ndogo anatufundisha kwamba inatudai tumtetee jirani. Nani atamtetea asiyetaka kujua amepatwa na nini?

Nao wanaosambaza kwenye simu picha za maiti zisizo na mahali, tarehe wala jina la mpigaji, wasijiite mashahidi. Picha hiyo huenda ni ya vita vingine, ya nchi nyingine, ya miaka kumi iliyopita. Amin alifika, akaona, akaweka jina lake, na aliyetaka kumhoji alijua pa kumpata. Huo ndio ushahidi. Kinachorushwa usiku kwenye kundi la kwaya ni umbea wenye damu.

Wala tusidhani vita viko mbali. Desemba 2017 walinda amani wa Tanzania wasiopungua 14 waliuawa Kivu Kaskazini, na miili yao ikaletwa hapa Dar es Salaam. Tuliwalilia kama wana wetu. Wakongo waliokuwa wakiwalinda nao wana mama.

Kwa hiyo sala ya amani na iseme majina: ya miji, ya wanaouawa, na pale inapojulikana, ya wanaoua. Mzee wa kanisa anayeiandaa asome habari za wiki kabla ya kushika kalamu. Picha isiyojulikana ilikotoka isisambazwe. Na waandishi walioko vitani watajwe madhabahuni pamoja na madaktari na askari.

Mungu alimuuliza Kaini ndugu yake yuko wapi, naye akajibu kwamba hajui. Swali hilo bado linaulizwa. Anayetaka kulijibu kwa kutojua akumbuke kwamba jibu hilo limekwisha kutolewa, na Mungu hakulipokea.