Vita dhidi ya uraibu visimsahau mgonjwa wa maumivu

WAHENGA walinena kuwa adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Nchini Marekani, methali hiyo inawafaa mamilioni ya watu wanaoishi na maumivu sugu. Wagonjwa hao wamejikuta katikati ya vita wasivyovianzisha, navyo ni vita vya kudhibiti uraibu wa dawa za kutuliza maumivu za jamii ya afyuni.

Hapana shaka kwamba vita hivyo vilikuwa na sababu. Mnamo 1996, kampuni ya Purdue Pharma iliingiza sokoni tembe ya OxyContin na kuwaaminisha madaktari kwamba uwezekano wa mgonjwa kuwa mraibu ulikuwa mdogo. Madaktari waliiandika kwa mkono mwepesi. Kufikia 2012, maagizo ya dawa za jamii hiyo yalikuwa yamepita milioni 250 kwa mwaka, kiasi cha kumtosha kila mtu mzima nchini humo kupata chupa yake.

Kampuni hiyo ilikiri makosa mahakamani mwaka 2007, ikakiri mengine 2020. Lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Maelfu ya familia walikuwa wamezika wapendwa wao waliozidisha dozi.

Ni katika hali hiyo ambapo Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani, CDC, kilitoa mwongozo mnamo Machi 2016. Madaktari wa kawaida walishauriwa kutahadhari kabla ya kumpa mgonjwa wa maumivu sugu dozi inayolingana na miligramu 90 za mofini kwa siku au zaidi. Kwa maumivu ya muda mfupi, waliambiwa kwamba dawa za siku tatu mara nyingi hutosha, na kwamba ni nadra kuhitajika za zaidi ya siku saba.

Huo ulikuwa ushauri, wala si sheria. Aidha, haukuwahusu wagonjwa wa saratani wanaoendelea na matibabu wala walio katika siku zao za mwisho. Hata hivyo, ushauri uligeuzwa amri upesi. Jimbo la Massachusetts lilipitisha mwaka huo huo sheria ya kuweka kikomo cha siku saba kwa agizo la kwanza, na majimbo mengi yakafuata. Kampuni za bima na maduka ya dawa nayo yakaanza kuitumia nambari 90 kama ukuta.

Daktari aliyeogopa kupokonywa leseni hakusubiri kuulizwa. Alipunguza dozi ya mgonjwa aliyeitumia kwa miaka mingi bila tatizo, au alimwonyesha mlango. Mgonjwa mwenye uti wa mgongo ulioharibika, aliyekuwa akiweza kwenda kazini kwa msaada wa tembe zake, alirudi kitandani. Katika hesabu za wakuu, tembe zake zilizopungua zikaandikwa kuwa ushindi.

Je, vita hivyo vilileta matunda yaliyotarajiwa? Maagizo ya dawa yalipungua kweli, yakafika karibu milioni 142 mwaka 2020. Lakini vifo havikupungua kwa kadiri hiyo. Mwaka 2021, zaidi ya Wamarekani 100,000 walifariki kwa kuzidisha dozi ya dawa za kulevya za aina mbalimbali. Wengi wao waliuawa na fentanili iliyotengenezwa kwa magendo na kuuzwa mitaani, si dawa iliyotoka kwa mfamasia.

Kwa maneno mengine, mkondo wa mauti ulikuwa umehama, ilhali walinzi walibaki wakilinda mlango wa zamani. Na aliyefungiwa mlango huo ni mgonjwa.

Onyo halikuchelewa. Mnamo Aprili 2019, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitahadharisha kwamba kumkatizia dawa ghafla mgonjwa aliyezizoea kunaweza kumletea maumivu makali, msongo na hata kujiua. Mwezi huo huo, waandishi wa mwongozo wa 2016 walijitokeza kueleza kwamba maneno yao yalikuwa yametumiwa visivyo.

Utafiti kuhusu wanajeshi wastaafu wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la kitabibu la BMJ, ulionyesha kuwa waliosimamishiwa dawa hizo walikabiliwa na hatari kubwa zaidi ya kufa kwa kuzidisha dozi au kwa kujiua. Kadiri mtu alivyokuwa amezitumia kwa muda mrefu, ndivyo hatari ilivyozidi.

Hatimaye, mnamo Novemba 2022, CDC ilitoa mwongozo mpya. Nambari zilizogeuzwa ukuta ziliondolewa katika mapendekezo yake makuu, na madaktari wakahimizwa kumpima kila mgonjwa kwa hali yake. Miezi michache awali, katika kesi ya Ruan, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kuwa daktari hawezi kutiwa hatiani kwa kuandika dawa hizi pasipo kuthibitishwa kwamba alijua, au alikusudia, kutenda kinyume cha idhini aliyopewa.

Marekebisho hayo ni ya busara, ila ni rahisi kutunga sheria kuliko kuifuta. Vikomo vilivyowekwa na majimbo na kampuni za bima havikutoweka siku mwongozo ulipobadilika. Na hofu ikishaingia moyoni mwa daktari haiondolewi na waraka.

Haki itendeke pia kwa upande wa pili. Dawa za jamii ya afyuni si jibu la kila maumivu sugu. Mwili huzizoea, na wagonjwa wengi hunufaika zaidi na mazoezi ya viungo, ushauri nasaha, au dawa za kutuliza neva. Tiba hizo zinahitaji muda, wataalamu na pesa, na si kila bima huzigharamia ipasavyo. Mnamo Januari 2025, Marekani iliidhinisha suzetrijini, tembe mpya isiyo ya jamii ya afyuni, lakini idhini hiyo ilikuwa ya maumivu ya muda mfupi. Kumnyang'anya mtu fimbo anayoiegemea kabla ya kumpa nyingine si tiba.

Suala hili si la Wamarekani pekee. Mathalan, takriban watu 100,000 nchini humo wanaugua selimundu, na wengi wao ni wenye asili ya Kiafrika. Ugonjwa huo huleta vipindi vya maumivu makali yanayohitaji dawa nzito. Mnamo 2019, CDC ililazimika kufafanua kwamba mwongozo wake haukukusudiwa kuwanyima wagonjwa hao matibabu. Hapa Kenya, selimundu ni maradhi yanayofahamika vyema katika maeneo ya Nyanza, Magharibi na Pwani.

Tofauti ni kwamba Marekani ilianza kwa mafuriko, ilhali Afrika ingali katika ukame. Ripoti ya tume ya jarida la Lancet ya mwaka 2017 ilionyesha kuwa, kati ya takriban tani 298.5 za dawa hizi zilizosambazwa duniani kwa mwaka zikikadiriwa kwa kipimo cha mofini, nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1 tu. Nchini Kenya, shirika la Human Rights Watch lilieleza mwaka 2010 kwamba ni hospitali saba pekee za umma zilizokuwa na mofini ya kunywa. Sheria ya Dawa za Kulevya ya 1994 inaruhusu mofini kwa matibabu, lakini sauti yake kubwa ni ya adhabu.

Majirani wa Uganda walichagua njia nyingine. Tangu 2004, wauguzi na matabibu waliosomea huduma ya kuwatunza wagonjwa mahututi wameruhusiwa kuandika mofini. Dawa hiyo huchanganywa humo humo nchini kutokana na unga, kisha hutolewa bure kwa mgonjwa. Udhibiti haukuondolewa. Ulikabidhiwa watu waliofunzwa, walio karibu na kitanda cha anayeumwa.

Hilo ndilo somo kwa watunga sera, wa hapa na wa ng'ambo. Mkataba wa kimataifa wa 1961 wa kudhibiti dawa hizi unakiri katika utangulizi wake kwamba hazina budi kupatikana kwa ajili ya kupunguza maumivu. Majukumu yote mawili yamo katika waraka mmoja, na serikali inayotekeleza moja tu imetimiza nusu ya ahadi yake.

Kanuni ya dawa basi isihukumiwe kwa idadi ya tembe ilizozuia. Ihukumiwe kwa maswali mawili: je, imepunguza vifo? Na je, anayeumwa amelala usiku? Marekani ilitumia miaka sita kujifunza kuuliza swali la pili. Kenya haina haja ya kungoja muda wote huo.