Tuombe Disiki Gani?



Mnakumbuka mkubwa wetu mmoja, aliyemaliza hapa na ambaye leo anakaa Finland pamoja na jamaa yake, alipita kutuona wakati wa vakansi kubwa. Alituachia disiki mbili za plastiki na kutufundisha mchezo wanaouita gofu ya disiki. Sasa ametuandikia tena. Anasema: "Wadogo zangu, iko mutu anakuja huko kisha mwezi moja. Nitamupatia disiki sita za shule. Muniambie munataka za namna gani, juu ku duka iko namna mingi sana."

Tangu barua ile isomwe, kila rekreasio imekuwa baraza. Karibu wote wanasema: "Atume zile za mbio! Zile za mabingwa!" Sisi wa komite ya michezo tunasema hapana. Na kwa kuwa disiki hizo hazitakuwa za komite bali za shule nzima, ni haki yenu kujua sababu zetu mbele ya jibu kuondoka.

Kwanza, neno kwa wale ambao hawajatupa hata mara moja. Mchezo huu unafanana na gofu, lakini pahali pa mpira na fimbo unatupa disiki kwa mkono. Unaanzia pahali palipowekwa alama, unatupa, unaenda pale ilipoanguka, unatupa tena, mpaka iingie katika kikapu chenye minyororo. Anayetupa mara chache kuliko wengine ndiye ameshinda. Mmarekani mmoja, Ed Headrick, ndiye alitengeneza uwanja wa kwanza wa kudumu, katika bustani ya Oak Grove huko California, mwaka 1975. Vikapu vya minyororo vilikuwa havijakuja bado. Walilenga nguzo tu. Kwa hiyo sisi tunaolenga mti wa kalitusi uliofungwa kitambaa chekundu, tusione haya. Wenye mchezo nao walianza vile.

Wakati ule walitupa frisbi za kawaida, zenye ukingo wa mviringo. Mwaka 1983 Mmarekani mwingine, Dave Dunipace, alitoa disiki yenye ukingo uliochongoka, wenye kupasua hewa. Kutoka hapo disiki zikagawanyika. Kuna za kumalizia karibu ya kikapu, kuna za katikati, na kuna zile za kuanzia ambazo wanaziita draiva. Na draiva zenyewe ni za namna mbili: draiva ya njia na draiva ya mbali. Tofauti unaishika kwa vidole. Draiva ya mbali kama ile Destroyer iko na ukingo wa karibu sentimeta 2.2. Draiva ya njia kama ile Teebird, ukingo wake ni karibu sentimeta 1.7. Ukingo mpana njo unaleta mbio.

Juu ya disiki nyingi utasoma namba nne. Ya kwanza ni mbio. Ya pili ni kuelea hewani. Ya tatu inaonyesha kama disiki inapenda kugeukia kuume wakati ingali na mwendo mkali. Hapo namba ikiwa chini ya sifuri, inageuka. Ya nne inaonyesha namna inavyoangukia kushoto inapochoka. (Tunasema juu ya mtu wa mkono wa kuume anayetupa kwa mgongo wa mkono. Wa mkono wa kushoto ageuze yote.) Sasa angalieni: Destroyer ni 12, 5, -1, 3. Teebird ni 7, 5, 0, 2. Leopard ni 6, 5, -2, 1.

Wengi wakiona 12 na 6 wanafikiri ni kama pointi za ekzame: aliye na 12 amepita, aliye na 6 ameanguka. Hapo njo makosa yanapoanzia. Namba ile haisemi disiki ni nzuri kiasi gani. Inasema disiki inadai mkono wa nguvu gani. Ukiipa disiki ya 12 mbio isizozitaka, yaani mbio ndogo, haifiki kamwe kwenye mwendo wake. Inakata kushoto mapema na kushuka, sawa ndege aliyepigwa jiwe. Ile namba 3 ya mwisho inafanya kazi tangu mwanzo, na namba 12 haifanyi kazi hata kidogo.

Sasa tuseme juu ya pahali petu. Kiwanja cha mpira ni cha mpira, na hatutaki vita na ndugu zetu wa timu. Kinachobaki ni ile njia ya kalitusi nyuma ya bweni. Tuliipima kwa kamba: urefu mita 70, upana mita 5. Wenzetu wa Hesabu na Fizika walitusaidia kufanya hesabu, nanyi mnaweza kuirudia kwa daftari. Ukisimama katikati na kutupa, una mita 2 na nusu kila upande. Mkono wako ukikosa kwa digri 2 tu, kisha mita 70 disiki imetoka katikati kwa mita 2.4. Imepona kwa kidogo. Ukikosa kwa digri 3, imetoka kwa mita 3.7, ni kusema imekwisha kugonga mti. Na hesabu hii ni ya disiki inayoenda sawasawa. Ile inayokata kushoto yenyewe unapaswa kuongeza juu yake kosa la disiki. Nani kati yetu anajua kutupa bila kukosa digri 3?

Disiki mbili alizotuachia mkubwa wetu ni moja ya mbali na moja ya njia. Tuseme kweli: sisi wa komite njo tulikuwa wa kwanza kugombania ile ya mbali. Ilikuwa na rangi nzuri, na yeye mwenyewe alituambia kama mabingwa wanaitumia. Jumamosi moja tukaamua kupima bila upendeleo. Kila mtu alitupa zote mbili, na karani aliandika. Ile ya mbali, kati ya mitupo kumi, mitatu tu ilibaki ndani ya njia. Mingine ilienda kushoto kuongea na miti. Ile ya njia ilibaki mara saba. Na aliyefika kwenye kitambaa chekundu kwa mitupo michache kuliko sisi sote ni dada mmoja wa kalasi ya tatu, ambaye kaka zake walikuwa wanamcheka kwamba mkono wake ni mwepesi. Yeye hakugusa ile ya mbali hata mara moja. Alisema: "Mimi nataka ile inanisikia." Kaka zake walinyamaza.

Tumesikia yale ambayo wenzetu wanajibu, na haifai kuyadharau.

Wa kwanza wanasema: "Tutakomaa. Leo hatuna nguvu, kesho tutakuwa nayo. Tuombe ya wakubwa tangu sasa." Tunajibu: nguvu itakuja, lakini njia ya kalitusi haitapanuka. Zaidi ya ile, disiki ya mbio ndogo inakuonyesha kosa lako: ukiinamisha mkono, inainama. Ile ya mbali inakata kushoto hata ulitupa vizuri, na hutajua kama kosa ni lako ao ni lake. Utajifunza nini hapo?

Wa pili wanasema: "Mabingwa wanatupa mbali sana." Ni kweli. Mwaka 2016 Mmarekani David Wiggins Jr. alitupa disiki mita 338. Lakini alitupia wapi? Ni katika jangwa la Nevada, pahali peupe, upepo ukisukuma kutoka nyuma. Huko hakuna hata mti mmoja wa kukuuliza unaenda wapi. Kuna viwanja vingine, kama Maple Hill katika mji wa Leicester, jimbo la Massachusetts, ambavyo vina njia zilizokatwa katikati ya miti. Huko hata mabingwa wanaweka disiki ya mbali ndani ya mfuko na kutoa ya njia ao ya katikati, wakati mlango kati ya miti ni mwembamba. Na mkubwa wetu anatuandikia kama kule Finland, ambako misitu imefunika zaidi ya nusu ya inchi, yeye alipoteza disiki tatu za mbio mwaka wake wa kwanza. Anasema: "Nilikuwa natupa franga zangu mu pori." Sheria ya mchezo inakupa dakika tatu za kutafuta. Zikipita, disiki imehesabiwa imepotea, unaongezewa mtupo mmoja, unarudi ulikotoka. Yeye alipoteza franga, akapoteza na mchezo.

Wa tatu wanasema: "Tutaonekana watoto." Hapa hatuna hesabu ya kuonyesha, tuna neno tu. Tumezoea katika mambo mengi kuchagua kitu chenye jina kubwa ili watu watuone, na siyo kitu tunachoweza kukitumia. Mwenye kuvaa kiatu kikubwa kuliko mguu wake, barabarani wanamsifu, lakini yeye anajua maumivu yake. Disiki sita za kutundika ukutani hazitusaidii. Tunataka disiki ambazo mtoto wa kalasi ya kwanza na kijana wa mwisho watazitupa jioni ileile, na kila mmoja apate furaha yake.

Basi, hapa ni jibu tunalotaka kumpelekea mkubwa wetu.

1. Atume draiva za njia nne: mbili za namna ya Leopard kwa mikono myepesi, mbili za namna ya Teebird kwa wenye nguvu. Ile ya pili haigeuki ovyo hata ukiisukuma kwa nguvu.

2. Atume disiki mbili za katikati, kama ile Buzzz ambayo ni 5, 4, -1, 1. Wengine watashangaa, lakini pale miti inapokaribiana sana, draiva nzuri kuliko zote ni ile isiyokuwa draiva.

3. Uzito. Disiki nyingi za namna hii haziruhusiwi kupita karibu gramu 175. Kwa mikono yetu tuombe zile nyepesi, gramu 150 mpaka 165, juu zinaondoka vyepesi zaidi.

4. Plastiki. Ile ya bei ndogo inashikika vizuri mkononi, lakini ikigonga miti kila siku inachakaa na tabia yake inageuka: inaanza kukimbilia kuume. Ile ngumu inakaa siku nyingi, ila bei yake ni kubwa. Tunamwomba ngumu. Kama mfuko wake hauruhusu, atume nne ngumu pahali pa sita dhaifu. Tunajua shauri hili halitawapendeza wote, lakini yeye naye ana watoto wa kulisha.

5. Rangi. Nyekundu, ya machungwa ao pinki. Ya kijani hapana, majani yataimeza.

Ile moja ya mbali tuliyo nayo tayari, hatuitupi. Siku kiwanja cha mpira kitakapokuwa wazi, anayetaka kupima nguvu yake aichukue akaitupe huko mpaka achoke. Kila kitu na pahali pake.

Ndugu zetu, barua itaondoka Ijumaa ijayo. Mwenye sauti nyingine asiiache ikauke rekreasioni. Aje kwa komite Jumatano saa za jioni, nyuma ya bweni. Disiki zote mbili zitakuwapo, na kitambaa chekundu kitakuwa kimefungwa. Atupe kumi za kila moja mbele yetu sote, karani aandike. Akitushinda, tutabadilisha barua mbele yake.

Komite ya Michezo