Mwanamke Mwenye Maumivu na Haki ya Kusadikiwa

Katika miji yetu ya pwani mwari huusiwa na kungwi wake kwamba chango la kila mwezi ni sehemu ya uanamke na kwamba stahamala ni pambo lake. Na wasia huo, ambao haukutolewa kwa nia mbaya, umewakalisha kimya wanawake wengi kwa miaka ambayo iliwapasa wawe mbele ya tabibu. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba mwanamke 1 katika kila 10 wa umri wa kuzaa, yaani wapatao milioni 190 ulimwenguni, ana endometriosi, maradhi ambayo tishu zifananazo na utando wa ndani wa mji wa mimba huota nje yake, zikaleta maumivu makali na, kwa baadhi, ugumba. Marehemu Njambi Koikai, mtangazaji wa Kenya aliyefariki Juni 2024, aliyanena hadharani maradhi hayo, yaliyomfika hata mapafuni, ilhali wengi waliona haya kuitaja hedhi. Kwa ujasiri huo twamwia deni kubwa.

Tangu mwaka 1965, Ronald Melzack na Patrick Wall walipotoa nadharia yao kwamba katika uti wa mgongo mna mfano wa lango liwezalo kuzidisha au kupunguza habari za maumivu ziendazo kwenye ubongo, wataalamu wamezidi kukiri kwamba hofu, huzuni na upweke huyakuza maumivu, na faraja huyatuliza. Hii si hoja ya kudai kwamba maumivu ni ya kubuni. Asemaye hivyo humwongezea mgonjwa dhuluma juu ya maradhi. Bali mavyaa amwitaye mkaza mwana mvivu, na jirani anong'onaye kwamba asiyezaa aliharibu mimba usichanani, humnyang'anya mtu usingizi, na mwili uliokesha huumia zaidi.

Kwa hiyo namtaka mume aandamane na mkewe hospitalini, akae, asikilize. Mwalimu asimhesabie utoro binti aliyelazwa kitandani na hedhi. Na tabibu, badala ya kumwambia mgonjwa kwamba uchungu utakwisha akizaa, amwulize ulianza lini, unamzuia kazi zipi, na nani humsaidia nyumbani, kisha ayaandike majibu yake kama alivyoyatamka.