Wingi wa Damu Kwanza, Vitamini Baadaye

Toleo hili linahusu uchovu usioondoka hata mtu akilala usiku kucha. Kwa vigezo vilivyotolewa Marekani mwaka 2015, ugonjwa wa uchovu sugu hutambuliwa pale hali hiyo inapozidi miezi 6, usingizi usipoburudisha, na kazi ndogo tu ikamwangusha mgonjwa kitandani. Ni ugonjwa wa kweli. Anayeugua asiitwe mvivu.

Tafiti kadhaa zimewakuta wagonjwa hawa na vitamini E pungufu, na dalili kwamba chembe haribifu zitokanazo na oksijeni zimeizidi kinga ya mwili. Wauza chupa za vitamini wamelidaka hilo upesi. Lakini huenda vitamini imepungua kwa sababu mtu anaumwa. Na kumeza tu si salama: Finland, kati ya wavuta sigara 29,133 waliofanyiwa majaribio, waliopewa beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi. Majibu hayo yalitoka 1994.

Tuje nyumbani Tanzania. Wilayani Handeni, watoto 612 waligawanywa makundi: wengine zinki, wengine mchanganyiko wa vitamini na madini pamoja na chuma, wengine vyote, wengine plasibo, yaani kitu kisicho na dawa. Swali lilikuwa kama malaria itapungua, na majibu yalitoka 2011. Malaria haikupungua, na miongoni mwa watoto waliopungukiwa chuma, waliopewa mchanganyiko ule waliugua malaria asilimia 41 zaidi. Mchanganyiko ule ule ambao sokoni ungeuzwa kama wa kujenga mwili!

Basi mama wa Handeni akifika zahanati na kusema, "Mwili hauna nguvu, nikijitwika ndoo naona kizunguzungu," avutwe kope la chini, atobolewe kidole, apimwe malaria na wingi wa damu, aulizwe kuhusu hedhi na minyoo. Watafiti waliowafuatilia wanawake zaidi ya 1,000 wa Korogwe na Handeni tangu kabla ya mimba waliuweka upungufu wa damu katikati ya swali lao, na hawakubahatisha. Machungwa na mchicha mama huyo aendelee kula. Hayo hayahitaji cheti.

Vipimo vikitoka safi na uchovu ukabaki, hapo ndipo uchovu sugu ufikiriwe, na mgonjwa asirudishwe nyumbani na maneno matupu. Waganga na wauguzi mnaotusoma, tunawaomba jambo moja: namba ya wingi wa damu iandikwe kwenye daftari la mgonjwa kabla ya jina la vitamini yoyote.