Waandishi wetu tuwaenzi wangali hai



Naomba nitoe dukuduku langu kuhusu waandishi wetu wa riwaya za historia.

Marehemu Mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza mwaka 1945 kuandika, kwa Kikerewe, hadithi ya Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka, watu walioishi kabla wakoloni hawajakanyaga kisiwani humo. Humo mna kilimo, uvuvi, dawa, posa na hata namna ya kumkaribisha mgeni. Hakupata mchapishaji. Baadaye aliketi akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na mwaka 1980 Tanzania Publishing House ikaichapa. Mzee alifariki dunia mwaka 1981, kabla nakala hazijamfikia. Alingoja miaka 35, na kitabu chake hakukishika!

Wapo watakaosema hayo ni ya zamani. Mimi sikubaliani nao. Mwaka jana niliwasimulia wanafunzi wangu wa darasa la sita kisa cha Bugonoka. Mmoja akauliza, "Mwalimu, kitabu chenyewe kiko wapi?" Nilikosa jibu. Shuleni hakipo, na duka nililokwenda mjini huuza madaftari na vitabu vya kiada tu. Nasi tunaishi kando ya ziwa hilo hilo la Mzee Kitereza.

Naipongeza serikali kwa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanza kutolewa mwaka 2023. Lakini tuzo ni ya wachache. Wengine, wakishachapiwa, huzunguka na vitabu mkobani kama wachuuzi. Na riwaya ya historia ina gharama zake: mwandishi hana budi kusafiri na kuwahoji wazee kabla hajaandika hata ukurasa mmoja.

Nashauri halmashauri zinunue japo nakala tano za riwaya hizo kwa kila shule. Redio zetu zizisome hewani. Waandishi waalikwe shuleni na walipwe nauli. Nasi wazazi na walimu tujirekebishe: michango ya harusi tunatoa bila kunung'unika, lakini kitabu kimoja tunasema ni ghali.

Wazee wanaoijua historia yetu wanapungua kila mwaka. Anayeiandika leo asilipwe kwa hotuba za kumsifu kaburini.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Sengerema, Mwanza.