Yaliyoipata Fastjet yasijirudie Msamvu

Mkulima wa Mgeta anayeshusha karoti kutoka milima ya Uluguru anaweza kudhani kwamba habari za Fastjet hazimhusu. Hata hivyo, yaliyolipata shirika lile yanafaa kusomwa upya na kila anayetegemea barabara ya Dar es Salaam hadi Morogoro, maana ushindani wa usafiri sasa umefika mlangoni kwake.

Fastjet ilianza safari Novemba 2012, kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza na Kilimanjaro, ikitangaza nauli ya kuanzia Sh32,000 kabla ya kodi. Watu waliozoea kushinda ndani ya basi kutwa nzima wakapanda ndege kwa mara ya kwanza. Desemba 2018 Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA) ilitoa notisi ya siku 28 ya kusudio la kuifutia leseni, madeni yakiwa miongoni mwa sababu. Mamlaka haikukosea kuuliza maswali hayo, kwani kampuni iliyoelemewa na madeni si ya kukabidhiwa roho za watu. Lakini suala la nauli halikuwa mezani. Katika njia kubwa za ndani abiria wakabaki na ATCL na Precision Air, na wafanyakazi wa Fastjet wakaanza kutafuta kazi kwingine. ATCL hutumia ndege zilizonunuliwa na Serikali, na kwa ripoti ya CAG ilipata hasara ya Sh91.8 bilioni mwaka 2023/24. Kampuni binafsi ingekuwa imekwishafunga milango.

Sasa tuje Msamvu. Treni ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 14, 2024, kwa nauli ya Sh13,000 daraja la kawaida, safari isiyofika saa mbili. Basi la kawaida, kwa ukomo wa Sh48.47 kwa kilomita uliowekwa na LATRA mwaka 2023, lilikuwa kama Sh9,300, pamoja na foleni za Kibaha. Abiria wengi wakahamia relini, na nani wa kuwalaumu? Wenye mabasi wakalalamika kupungukiwa.

Kinachosahaulika ni buti la basi. Mchuuzi aliyenunua mdalasini Kinole au viroba viwili vya njegere za Mgeta hana mzigo wa kukodi lori, na treni ya abiria si chombo cha kupakia magunia. Huyu huweka mzigo wake kwenye buti, akampa kondakta namba ya simu ya mpokeaji, na jioni ileile mzigo unauzwa mjini. Basi likipunguza safari kwa kukosa abiria wa viti, buti nalo linaondoka. Makondakta, makuli na mama lishe wa stendi wanaumia siku hiyohiyo. Mkulima ataumia baadaye, bei ya shambani itakaposhuka.

Kupandisha nauli ya treni ili kuyanusuru mabasi kungekuwa kumwadhibu msafiri bure. Lakini Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayahusu hata mashirika ya Serikali yanapofanya biashara. Tume ya Ushindani (FCC) ina haki ya kulitaka Shirika la Reli (TRC) lieleze kila kiti cha njia hii kinagharimu kiasi gani na nani anafidia pengo, kama lipo. Iwaangalie pia wenye mabasi wenyewe. Wakibaki wachache, kishawishi cha kukaa pamoja na kupanga nauli hakiko mbali, na kifungu cha 9 cha sheria hiyo kinakataza.

LATRA nayo ifikirie leseni ya gari la nusu abiria, nusu mzigo kwa njia hii. Wakulima wa milimani wangelipokea kwa mikono miwili. Na hesabu ya safari za mabasi ianze sasa, mabasi yakiwa bado yapo Msamvu ya kuhesabiwa.